Nafasi Yangu ya Mstari wa Tatu

Cibitoke, Bujumbura

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kile kikohozi kimekuachia. Magoti ya Mama yanasemaje? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hautulii. Nimeanza kuandika tangu asubuhi. Naandika mstari mmoja, nainuka kwenda mlangoni kusikiliza mabomu ya milimani leo yako upande gani, narudi. Ukiona mwandiko unapinda, sababu ni hiyo.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa yule mama wa dagaa. Unasema jubilei ya parokia imekaribia, bendi yako ya watu arobaini imeanza mazoezi, na nafasi yangu ya tarumbeta katika mstari wa tatu umeiacha wazi. Nirudi Kigoma kabla vita havijanimeza. Tangu niisome sijakaa kitako. Nafungasha begi, nalifungua, nalifungasha tena.

Nikueleze ninavyoishi. Siku za kazi nachomelea mabomba ya moshi ya magari katika gereji ya mzee Rajabu, Mwislamu wa siku nyingi wa mji huu. Jumamosi mzee huyohuyo anavua ovaroli, anajifunga ngoma kubwa tumboni, anasema Bismillahi, na tunakuwa bendi ya kusindikiza maharusi, wenyewe huita fanfari. Tuko watano tu: yeye, mwanawe wa ngoma ndogo, fundi cherehani wa tromboni, mimi, na Dezire, mwanafunzi anayetoka mtaa wa Mutanga Sud na besi yake mgongoni, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito. Dezire na fundi cherehani ni wa makabila ambayo siku hizi hayapiti mtaa mmoja. Wakivaa sare zetu wanapita. Harusi zenyewe huisha mapema, kabla barabara hazijafungwa, kwa hiyo maharusi wanatembea mbio na sisi tunapiga mbio.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa tunakwenda harusini mtaa wa Kinindo. Kwenye kizuizi, askari mmoja alichukua tarumbeta yangu akachungulia ndani.

"Hii kitu iko na nini ndani?"

"Apana kitu, shefu," Rajabu akajibu. "Ni ya muziki tu."

"Basi huyu apige, tusikie."

Baba, niliiweka mdomoni, nikajaza mashavu, nikabonyeza vitufe, na sikupuliza. Haikuwa jeuri, ni mazoea. Mwili ulikuwa unasubiri wale thelathini na tisa waanze, kama nilivyozoea kwako. Hakuna aliyeanza. Askari akarudi nyuma hatua moja, akaishusha bunduki kutoka begani.

"Mi nasema piga, we unajaza mashavu. Umeficha kitu humo."

Sasa nikataka kupuliza kweli, pumzi haikuja. Niliona nimekwisha, na wenzangu pamoja nami. Ndipo Dezire, bila kuambiwa, akaivuta besi yake mbele akatoa sauti moja nzito, ndefu. Fundi cherehani akamfuata, na Rajabu akagonga ngoma. Nami nikapuliza, vibaya, lakini nilipuliza. Tulipiga wimbo mzima pale barabarani mpaka askari akacheka, akasema, "Muende."

Njiani Rajabu akaniuliza, "Festo, kwenu munapiga wangapi?"

"Arobaini."

"Ndiyo maana. Hapa mutu akinyamaza, tunamusikia."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Tangu siku hiyo nafanya mazoezi gerejini saa za chakula, midomo imevimba, na mzee amesimama na spana mkononi. Nikikosea anagonga meza, naanza upya. Jumamosi iliyopita niliuongoza wimbo tangu kanisani hadi ukumbini, na hakuna aliyegonga kitu.

Kwa hiyo, Baba, sitakuja kwenye jubilei. Si kwamba siogopi. Naogopa kila siku. Lakini anayeshika wimbo hapa ni mimi peke yangu. Nikiondoka fanfari inavunjika, na Dezire na fundi cherehani sijui wataonana wapi tena. Usinikasirikie.

Mpe Mama pole ya magoti. Msalimie dada mkubwa na mumewe, na babu mpiga kengele, mwambie kofia yake bado naivaa. Zaidi ya wote nisalimie binamu Yona, aliyekuwa anasimama kushoto kwangu. Hapo, Baba, kuna jambo nililokuficha. Ile sauti ya juu katika wimbo wa kuingilia, uliyokuwa ukiwaambia watu kwamba ni ya mwanao, haikuwa yangu. Ilikuwa ya Yona. Miaka yote sita, kila tulipofika pale, mimi nilijaza mashavu tu.

Nafasi yangu mpe mwingine anayepuliza. Na kama hutampata, ukaona uchungu kuiacha wazi siku ya jubilei, sikiliza vizuri mstari wa tatu. Hutasikia kilichopungua. Nisamehe. Siku Mungu akitukutanisha nitakupigia sehemu ile, peke yangu, nawe utakaa karibu.

Mwanao,
Festo