Paa Lako Nimeliuza

Duván mwanangu,

Maharage yapo jikoni, yapashe moto. Arepa mbili, mikate yako ya mahindi, nimezifunika kwa sahani. Anua nguo zako huko juu kabla ya saa kumi, kwa sababu paa si letu tena.

Nimeliuza asubuhi. Bwana Evelio amenunua hewa ya juu ya nyumba, atajenga nyumba yake hapo juu ya yetu. Najua lilikuwa lako. Baba yako na majirani walimwaga zege la paa lile Jumapili uliyobatizwa, ili ukioa ujenge juu yetu. Lakini ukuta wa nyuma umepasuka na mvua zinakuja. Ilikuwa ama niuze, ama nimtoe Bi Ofelia, mpangaji wetu wa miaka kumi na tisa, nipangishe chumba chake kwa bei ya sasa.

Mwenyewe alisema, "Nitoe mimi, mama Duván. Mimi kizee nitafia popote. Huyu kijana ataishi wapi na mkewe, juu ya mti?"

Evelio akacheka. "Amueni, mama zangu, wino unakauka."

Jana usiku nilikuwa nimesali mpaka magoti yakafa ganzi. Sikusikia kitu. Nikaandika jina langu lote kwenye mkataba kama tunavyofundishwa kwenye darasa la watu wazima, bila kosa.

~~Utanisamehe.~~ Sikuombi unisamehe leo.

Nipo darasani mpaka saa mbili usiku. Mchumba wako Marleny mwambie wewe. Mimi nilimpigia, akaitika, "Abee, mama mkwe," nikakata simu.

Mama yako