Ruzuku ya Darubini na Mawe ya Kilima cha Sibwesa

CHAMA CHA WATAZAMA ANGA KATAVI

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI YA UTENDAJI KILICHOANZA JUMAPILI TAREHE 7 JUNI 2026 KATIKA CHUMBA CHA NYUMA CHA DUKA LA MWENYEKITI, MAJENGO, MPANDA, NA KUMALIZIKIA SIBWESA JUMAMOSI TAREHE 20 JUNI 2026

WALIOHUDHURIA
Ndg. Seleman Uwesu – Mwenyekiti
Ndg. Mwanaiddi Ramadhani – Mweka Hazina
Ndg. Farhan Seif – Mtafiti Mkuu wa mradi
Ndg. Deogratias Kasonso – Mjumbe
Ndg. Aneth Lyamba – Katibu

WALIOALIKWA
Bi. Rozalia Mapinda – Mkulima, Sibwesa
Ndg. Doto Cletus – Mwanawe

HAKUHUDHURIA
Ndg. Kauthar Bakari – Mjumbe (kwa taarifa, ana msiba Tabora)

KUMB. NA. 1/6/2026: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilifunguliwa saa 9:20 alasiri badala ya saa 8:00 kwa sababu gari lililowaleta wageni kutoka Sibwesa liliharibika njiani. Mwenyekiti aliwakaribisha wageni, akaomba wajumbe wawe wafupi kwa kuwa dukani alikuwa ameacha mtu mmoja tu. Ndg. Deogratias alisema jambo lililowakutanisha si la kufupishwa. Mwenyekiti alimjibu kwamba amesikia.

KUMB. NA. 2/6/2026: MAELEZO YA AWALI

Kwa faida ya wageni, Katibu alieleza kwamba Chama kimekuwa kikiomba ruzuku ya utafiti kutoka Mfuko wa Ruzuku za Anga ili kupima nyota ambazo mwanga wake hupungua na kuongezeka. Kilima cha Sibwesa kilichaguliwa kwa sababu kiko mbali na taa za mji. Maombi mawili ya kwanza yalikataliwa. Mara zote mbili Mfuko ulijibu kwamba utafiti ni mzuri, ila hakuna uthibitisho kwamba mwenye eneo ameridhia. Ombi la tatu, lililoandaliwa kama yale mawili na Ndg. Farhan, ambaye ni mwalimu wa fizikia, lilikubaliwa.

Fedha za awamu ya kwanza zilipofika, darubini ilinunuliwa, na mwishoni mwa Mei fundi akapelekwa kilimani kuchimba msingi wa nguzo yake. Akiwa hajamaliza, Ndg. Doto alimkuta na kumsimamisha. Ndipo kikao hiki kikaitishwa.

KUMB. NA. 3/6/2026: MALALAMIKO YA BI. ROZALIA

Bi. Rozalia alipewa nafasi ya kuzungumza. Mwenyekiti aliagiza maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema:

"Mimi nilikuwa Karema kwa dada yangu, nimeenda kumuuguza. Narudi, watoto wa jirani wananiambia, mama, kwako kilimani wanajenga. Nikasema labda ni serikali. Napanda, nakuta shimo. Mume wangu Cletus amelala pale. Kaburi lake lina msalaba, fundi alilikwepa, namshukuru. Lakini Kulwa wangu hakuwa na msalaba. Alikufa ana miezi mitano, tukamwekea mawe tu. Mawe yale sikuyaona mahali pake. Nikayakuta ndani ya shimo, yamepangwa chini, yanasubiri zege."

Mwenyekiti alisema, "Pole sana, Mama Doto."

Bi. Rozalia alijibu, "Mimi ni Mama Kulwa. Hata alipokufa hakuna aliyenibadilisha jina."

Mwenyekiti aliomba radhi.

Ndg. Doto aliongeza kwamba fundi hana kosa. Alimwambia aliona mawe yamerundikana kwenye nyasi, akadhani ni mawe ya kilimani kama mengine, naye alikuwa ameagizwa asinunue mawe kama yapo karibu.

Ndg. Deogratias aliomba Katibu asome sehemu ya ombi inayohusu eneo. Katibu alisoma: "Kilima hakina matumizi kwa sasa, na mwenye eneo ameridhia ujenzi."

Bi. Rozalia aliuliza, "Nyie mliandika nimeridhia. Nani alikuja kuniuliza?"

Bi. Rozalia aliuliza tena swali hilohilo kwa sauti ya chini kuliko mwanzo.

KUMB. NA. 4/6/2026: MAELEZO YA MTAFITI MKUU

Ndg. Farhan alisimama na kusema kwamba hakuna aliyekwenda. Alieleza kwamba kilimani alifika mara moja tu, kabla ya ombi la kwanza, na wanafunzi wake wa kidato cha nne kuangalia vimondo. Kulikuwa giza na nyasi ndefu. Hakuona kaburi wala nyumba, akaamini kilima ni cha porini. Baadaye aliambiwa kina mwenyewe, akakusudia kurudi kumtafuta, lakini mvua ilikata barabara, na siku ya mwisho ya kutuma ombi ikawa imekaribia.

"Nilijiambia nitaandika kwanza, nitakwenda nikishapata," alisema. "Majibu yalipokuja nikaona aibu. Ningemwombaje mama kitu ambacho nimeshawaambia watu amenipa?"

Mwenyekiti alimwambia akae. Ndg. Farhan aliendelea kusimama mpaka Bi. Rozalia naye alipomwambia akae.

Ndg. Deogratias alisema lawama isimwangukie mmoja. Ombi lilisomwa mbele ya kamati, na hakuna aliyeuliza jina la huyo mwenye eneo. "Tulisikia neno ameridhia, tukapiga makofi," alisema.

Mwenyekiti alisema yeye binafsi hakumbuki kupiga makofi. Ndg. Mwanaiddi alisema anakumbuka, kwa sababu Mwenyekiti ndiye aliyeanza.

KUMB. NA. 5/6/2026: HATUA ZA KUCHUKUA

Mwenyekiti alipendekeza shimo lisogezwe upande wa pili wa kilima, familia ipewe kifuta jasho, na Mfuko uandikiwe kwamba kumefanyika marekebisho madogo ya ujenzi. Alieleza kwamba mkoa mzima hauna darubini nyingine ya namna hiyo, na kwamba amemwona Ndg. Farhan akiandika maombi hayo kwa miaka mitatu, akikataliwa na kuanza upya. Alisema Mfuko ukijua ukweli utafunga mradi, na hao watoto wa shule walioahidiwa kuona pete za Zohali wataambiwa nini.

Ndg. Doto aliuliza, "Mzee Seleman, hicho kifuta jasho ni bei ya pacha wangu?"

Mwenyekiti alisema hakuwa na maana hiyo, akafuta kauli yake na kuagiza isiandikwe. Ndg. Deogratias alipinga kufutwa. Baada ya mabishano ilikubaliwa kauli ibaki, na radhi ya Mwenyekiti iandikwe pamoja nayo. Imeandikwa.

Ndg. Mwanaiddi, aliyesoma masharti ya ruzuku kuliko wajumbe wengine, alisema masharti yanataka badiliko lolote la eneo litolewe taarifa, na taarifa iwe ya kweli. Alisema kuita jambo hili marekebisho madogo ni kufunika uongo kwa uongo, na yeye kama Mweka Hazina hataweka sahihi kwenye taarifa ya namna hiyo.

Mwenyekiti alimuuliza kama yuko tayari kuipoteza ruzuku. Ndg. Mwanaiddi alijibu kwamba hayuko tayari, lakini hataweka sahihi.

Ndg. Farhan aliomba aandike barua yeye mwenyewe, hapohapo, kabla hajaanza kutafuta maneno mazuri. Alipewa karatasi. Wageni walipewa chai. Baada ya muda alisoma alichoandika:

"Mimi Farhan Seif, Mtafiti Mkuu, niliwaandikia kwamba mwenye kilima cha Sibwesa ameridhia. Hakuulizwa. Kilima kina makaburi ya familia yake, na kazi yetu imeharibu kaburi la mtoto. Tumesimamisha ujenzi. Sisemi hili kwa sababu mmelibaini, hamjalibaini. Nasubiri uamuzi wenu."

Mwenyekiti alishauri maneno kuhusu kaburi la mtoto yaondolewe kwa kuwa inatosha kusema kuna makaburi. Ndg. Farhan alikataa.

Kura zilipigwa. Wanne waliunga mkono barua kutumwa kama ilivyo. Mwenyekiti alipinga, akataka upinzani wake uandikwe. Kisha akasema kwa kuwa kamati imeamua, yeye ndiye atakayeweka sahihi ya Chama, na akaiweka.

Ndg. Deogratias alimuuliza Bi. Rozalia kama angeweza kufikiria sehemu nyingine ya kilima, mbali na makaburi. Alijibu, "Rudisheni mawe kwanza. Mkimaliza, ndipo mje kuniuliza, kama watu wanavyouliza."

Ilikubaliwa kamati nzima iende Sibwesa. Kikao kiliahirishwa saa 12:10 jioni. Barua ilitumwa kesho yake.

KUMB. NA. 6/6/2026: KURUDISHA MAWE (SIBWESA, 20 JUNI 2026)

Wajumbe wote watano waliohudhuria kikao cha Mpanda walifika. Mwenyekiti alikuja na pikapu yake na sepetu za dukani. Alikuwa amefunga duka, jambo ambalo wajumbe hawakulitarajia.

Ndg. Farhan alishuka shimoni na kutoa mawe moja moja, Ndg. Doto akiyapokea juu. Bi. Rozalia aliyatazama kila yalipotoka. Jiwe moja alilikataa, akisema si la Kulwa, fundi alilitoa kwingine. Mengine yalikuwa yamerukiwa na saruji. Mwenyekiti aliomba brashi ya waya, akaketi chini na kuyasugua peke yake mpaka yakatakata.

Bi. Rozalia aliyapanga mawe mwenyewe mahali pa kaburi. Wajumbe walipotaka kumsaidia alikataa, isipokuwa jiwe moja kubwa ambalo Ndg. Doto alilishika upande mmoja. Alipomaliza, Ndg. Deogratias, ambaye ni katekista wa Kasokola, aliongoza sala. Mwenyekiti, Ndg. Mwanaiddi na Ndg. Farhan, ambao ni Waislamu, walisimama pamoja na wengine, kisha Mwenyekiti naye akaomba dua. Shimo lilifukiwa na wote.

Ndg. Farhan alikwenda kusimama mbali kidogo, ameupa mgongo mkutano. Ndg. Doto alimfuata. Walichoongea hakikuwa sehemu ya kikao.

KUMB. NA. 7/6/2026: MAJIBU YA MFUKO

Kikao kiliendelea uani kwa Bi. Rozalia baada ya chakula. Katibu alisoma majibu ya Mfuko. Mfuko umefuta ujenzi na kutaka fedha za ujenzi ambazo hazijatumika zirudishwe. Ndg. Farhan ataondolewa katika nafasi ya Mtafiti Mkuu. Chama hakitaruhusiwa kuomba ruzuku mwaka huu. Darubini itabaki kwa Chama. Mwaka ujao Chama kinaweza kuomba tena, kwa kuwa kilitoa taarifa chenyewe kabla ya kuulizwa.

Ndg. Mwanaiddi alithibitisha kwamba fedha zipo na zitarudishwa. Alikubali kushika nafasi ya Mtafiti Mkuu kwa sharti kwamba Ndg. Farhan aendelee kufanya vipimo, kwa sababu yeye ni mwalimu wa hisabati na darubini hajaizoea. Ndg. Farhan alikubali. Alisema alitegemea adhabu kubwa zaidi, na hii iliyopo inamuuma vya kutosha.

Mwenyekiti alisema bado anaamini kungekuwa na njia nyingine, lakini hataki kuijua tena.

KUMB. NA. 8/6/2026: OMBI LA RIDHAA

Ndg. Farhan alisogeza kigoda karibu na Bi. Rozalia na kumuuliza kama Chama kinaweza kutumia upande wa magharibi wa kilima, bila kujenga, kwa kusimamisha darubini usiku na kuiondoa asubuhi.

Bi. Rozalia aliuliza, "Hizo nyota mnazozifuata zinafanya nini?"

"Zinapungua mwanga, mama, halafu zinaurudisha. Tunapima zimechukua muda gani, ili tujue kinachozisibu."

"Na bila kilima changu hamzioni?"

"Tunaziona, ila kwa shida. Karibu na mji taa zinazifunika."

Bi. Rozalia alisema, "Hapana, mwanangu. Sina hasira na wewe, umeingia shimoni mwenyewe nimekuona. Lakini pale nimezoea kupanda peke yangu, nikae na watu wangu, nishuke. Nataka iwe hivyohivyo."

Ndg. Farhan alisema, "Asante, mama. Nimeelewa."

Mwenyekiti aliuliza kama jibu hilo linaweza kubadilika siku za mbele. Bi. Rozalia alimwambia kwamba ugali bado upo, kama hajashiba aongezewe.

Iliamuliwa iandikwe: Mwenye eneo aliulizwa. Alikataa.

KUMB. NA. 9/6/2026: MAHALI PA DARUBINI

Katibu alikumbusha kwamba darubini bado iko stoo ya Mwenyekiti, ndani ya boksi lake, na kiangazi kinapita. Ndg. Deogratias alisema nyumbani kwake Kasokola kuna uwanja nyuma ya zizi. Anga yake si nzuri kama ya Sibwesa, lakini nyota zinazong'aa zaidi zinaweza kupimika, na wanafunzi wa mjini wataweza kufika kwa baiskeli. Ndg. Farhan alisema anga hiyo itatosha kuanzia.

Mwenyekiti alifurahi na kutaka uamuzi uandikwe hapohapo. Ndg. Deogratias alimzuia. Alisema uwanja ule mke wake anaanikia mahindi, na hajamuuliza.

Iliamuliwa kwamba jambo hili lisiandikwe kama uamuzi mpaka mke wa Ndg. Deogratias atakapojibu.

KUMB. NA. 10/6/2026: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti aliwashukuru Bi. Rozalia na Ndg. Doto kwa chakula na kwa uvumilivu, akafunga kikao saa 10:45 alasiri ili wajumbe wafike mjini kabla ya giza.

(Sahihi) Seleman Uwesu
MWENYEKITI

(Sahihi) Aneth Lyamba
KATIBU