Basi Lililompita Mama

Kwako kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi. Natumai u mzima, na kazi za ofisini hazikuchoshi. Huku hatujambo, isipokuwa miguu ya mama iliyovimba na roho yangu inayochemka mpaka leo.

Nakuandikia wewe kwa sababu ndiwe mkuu wa ratiba za mabasi, kama unavyotuambia kila ukipiga simu. Haya, bosi, pokea malalamiko.

Unajua tangu baba atutoke, mama ameshikilia kuitembea ile njia ndefu ya milimani waliyokusudia kuimaliza pamoja. Tunaenda kipande kwa kipande. Basi la asubuhi linatushusha mwanzo wa kipande, tunatembea kutwa, la jioni linatuchukua mwishoni. Ndivyo ratiba yako inavyosema.

Jumamosi kondakta alitushusha njia panda, akadai huko mbele hawaendi tena, abiria hakuna. Nikamuuliza mimi na mama ni mizigo? Akacheka, eti tutembee tu, si ndicho tulichojia. Jamani! Tukala vumbi la malori barabarani kabla hata ya kuifikia njia yenyewe.

Mama hakulalamika. Alipanda, akashuka, akavuka daraja la kamba huku akinicheka ninavyohema. Jioni tukafika kituoni, mvua ikaanza, na kibanda hakina paa. Mwenye duka la jirani akatuhakikishia basi la mwisho lipo. Kweli likaja. Mama akainua mkono. Likapunguza mwendo mpaka tukaonana na dereva uso kwa uso, halafu huyoo, akakanyaga mafuta akatuachia tope. Na basi lilikuwa karibu tupu! Tulirudi nyuma ya pikapu ya yule mwenye duka, katikati ya magunia ya viazi, mama anatetemeka.

Nilimtukana dereva njia nzima. Mama akaniambia ninyamaze. Nikamuuliza anamtetea wa nini. Akasema dereva amekonda sana, na lile sweta alilovaa alimfumia yeye mwenyewe.

Nami niliiona sura ile, ila nilikuwa najidanganya kwamba mvua imeniharibia macho.

Kaka, sikasiriki kwamba unaendesha basi. Endesha! Nani alikuambia sisi tunakula cheo chako? Nimekasirika kwa kuwa ulimwona mama yako analowa, ukaona bora ulinde uongo wako. Huna haya! Yeye wala hana hasira. Aliniuliza tu kama kazi hiyo inakupa nafasi ya kula.

Jumamosi hii anarudia kipande kilekile. Nimemwambia miguu haijapona, hasikii. Anasema hajakimaliza mpaka apande basi lile. Pikapu haitaki tena. Atasimama palepale, mkono juu, na mimi nitakuwa ubavuni kwake.

Msalimie shemeji, na watoto wote. Mama naye anakusalimu. Ameniagiza nikuandikie kwamba ule mteremko baada ya kituo una utelezi mvua ikinyesha, uende polepole.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado nimenuna,
Kiherehere