Maua Niliyoyachuma Mwenyewe

Jumanne. Mvua usiku, jua kali mchana. Sasa ni jioni na bado nimevaa gauni la kufundishia, kola imejaa vumbi la chaki.

Leo nimejiaibisha, na hakuna anayejua ila mimi. Ndiyo maana naandika.

Nyumba kumi za mtaa wetu, hapa Kariakoo, zina shamba la pamoja kule bonde la Jangwani. Tumepanda maboga. Akina mama walinichagua katibu kwa sababu mimi ni mwalimu, tena wa sayansi, na mimi nikavimba kichwa. Wiki ya kwanza ya maua niliona mengine yana kiboga kidogo nyuma yake, mengine yamekaa juu ya kikonyo kitupu. Nikatoa amri: yale matupu yachumwe yote kila alfajiri, yasile nguvu ya mmea bure. Tukayapika kwa nazi. Watu wakanisifu.

Kisha viboga vikaanza kugeuka manjano na kudondoka. Kila siku vinadondoka.

Bi Zuhura ni mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Huja shambani akishamaliza kuuza vitumbua vyake, wakati sisi tunaondoka. Siku moja nilirudi kuchukua jembe nikamkuta peke yake, na kapuni mwake mna viboga vichanga kumi na kitu. Sikumwuliza. Nilikwenda moja kwa moja kwa balozi wetu wa nyumba kumi.

Kwenye mkutano aliouitisha nilisimama mimi. Nilisema boga changa halidondoki lenyewe, lina mkono uliolichuma. Nikaongeza kwamba mmea wa maboga wa Bi Zuhura, ule wa uani kwake nyuma ya bafu, umezaa maboga makubwa, sasa kwa nini ya kwake yakue na ya ushirika yafe? Wengine wakaguna kwamba ana dawa. Sikuwakatiza.

Bi Zuhura alisema neno moja tu: "Mimi naokota, sichumi."

Wakamwondoa kwenye shamba. Kapu lake likabaki kwa balozi, eti ushahidi. Tangu siku ile nikawa napita mbele ya mlango wake bila kumwamkia, mama mwenye umri wa kunizaa. Mama yangu kule Moshi angesikia, angenikana.

Leo darasa la sita wana somo la ua na tunda. Nilitaka maua halisi ya kuwaonyesha, nikapita shambani mapema. Majike nimepata. Dume, yale ya kikonyo kitupu, sikupata hata moja, kwa kuwa tumeshayala. Ningefanya nini? Nikaenda uani kwa Bi Zuhura.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwalimu."

Zamani alikuwa ananiita mwanangu.

Nilimwomba ua moja. Akanichumia matatu, akayafunga kwenye jani la mgomba yasinyauke. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka kwenye yale mengine, miguu imejaa unga wa njano. Niliwaona kwa macho yangu na bado akili haikushtuka.

Ilishtuka ubaoni. Niliandika sentensi ninayoiandika kila mwaka: chavua hutoka kwenye ua dume, nyuki huipeleka kwenye ua jike, ndipo tunda hukua, ua jike lisilopata chavua hunyauka na kudondoka pamoja na kiboga chake. Nilipofika "kudondoka" mkono ukasimama. Watoto wakawa wananingoja, kalamu juu. Nikawaambia wachore.

Nimesomesha jambo hili miaka mitano. Kumbe kwangu lilikuwa la ubaoni tu, halikuwahi kutoka mlangoni na kufika Jangwani. Mkono uliochuma ulikuwa wangu.

Na bado sijamaliza kujiaibisha. Nilipotoka shule nilikwenda kwake nimekusudia kumwambia. Nilimkuta anaosha vikaango. Akaniuliza, "Somo limekwenda vizuri?" Nikajibu, "Vizuri, ahsante." Nikaondoka. Nikamwacha na jina la mwizi mchana kweupe kwa sababu niliona haya.

Hapa uani kwetu majirani wameniletea chakula. Ugali na maua ya maboga. Nimekifunika.

Nimeshaamua. Kesho kabla ya kengele ya shule nitakwenda kwa balozi na ua dume na ua jike mkononi, nimweleze kama ninavyoeleza darasani, na niombe mkutano uitwe. Nilimchafua mbele ya nyumba kumi, basi mbele ya nyumba kumi hizo hizo nitasema ni mimi. Wakinivua ukatibu, wanivue.

Kapu nitalibeba mwenyewe hadi mlangoni kwake, watu wakiona. Nitaanza na shikamoo. Marahaba ataitika, yeye si mtu wa kuacha salamu ya mtu ikining'inia.

Ninachoogopa ni neno litakalofuata. Ataniita mwalimu, au mwanangu?