Damu Iliyokosa Barafu

Jumatatu, 3 Machi

Leo hospitalini wamemtoa damu Kidoti wangu. Miaka minne, mshipa kama uzi. Hakulia. Alitazama feni tu — hilo ndilo lililonitisha. Mtoto aliyekuwa akiita "maji!" nyumba nzima isikie, sasa ananivuta mkono hadi kwenye bomba, kimya.

Daktari mtafiti anapima mkazo wa oksidi. Ni kama kutu, anasema, inayozila seli upesi kuliko mwili unavyoweza kuizuia. Imeonekana kwa watoto wengi wenye usonji. Wengi ni wangapi? nikamuuliza. Inauleta usonji, au inaufuata tu? Akacheka.

"Mama, hapa siyo gazetini."

Tarishi wao wa kupeleka damu hakuonekana. Nikasema kichupa nitakifikisha maabara mwenyewe, siwaamini. Njiani nikakutana uso kwa uso na yule muuza virutubisho niliyemchana kwenye safu yangu ya gazeti. Nikampa vidonge vyake, pale pale juani, watu wakajaa. Nilimshinda!

Ijumaa, 7 Machi

Mume wangu anasema nimekuwa wakili wa kila mtu isipokuwa mwanangu. Mimi!

Jumatatu, 10 Machi

Majibu. Glutathioni, kinga ya seli dhidi ya ile kutu, iko chini mno.

Mume wangu alifurahi. Alifurahi! "Basi kuna kitu, mke wangu. Kitu cha kutibu." Jioni akaja na chupa ya vidonge. Kanunua kwa nani? Kwa yule yule! Nilitaka kufoka, nikamnyang'anya chupa. Nimesoma lebo mbele na nyuma. Kipimo cha mtoto hakimo. Tumekubaliana asubiri hadi nizungumze na daktari.

Jumanne, 11 Machi

Nimempigia daktari. Akauliza taratibu: kichupa kilisafiri kwenye barafu?

Barafu! Nesi alinipa kiboksi chenye barafu. Nilikiacha kwenye benchi, kichupa nikakitia mkobani. Kiboksi kizito, nami nina watu wa kubishana nao.

"Basi kwa joto damu imejichoma yenyewe humo humo kichupani, mama. Majibu hayo yatupe. Na hata yangekuwa sahihi, vidonge hivyo sijui vitamfanya nini. Usimpe. Mlete tupime upya."

Simu imekatika, bado nimeishikilia. Kinachoniuma si lile kosa. Ni kwamba niliyataka majibu yale. Usiku kucha niliyaombea yawe kweli. Kutu unaweza kuisugua. Kama si kutu, mwanangu nimshike wapi?

Mume wangu ananiita kutoka jikoni. Kidonge ameshakisaga kwenye maziwa.

"Mama Kidoti! Daktari kasemaje? Nimpe?"

Jibu ninalo. Neno moja, fupi. Nimejifungia chumbani naandika.

"Mama Kidoti, mtoto kaona kikombe, kafungua mdomo mwenyewe! Njoo uone! Nimpe?"