Mafundo ya Kamba ya Rebeka

Berega, Aprili 20

Kaka Elikana,

Shikamoo. Sisi wazima. Mguu wa mama umepungua uvimbe, na yule kuku uliyemwacha ameangua vifaranga tisa. Huko Mikumi wageni wa gesti wapo?

Umeuliza kwa nini kikundi chetu cha kilimo kilimtoa Rebeka. Mwaka jana mahindi yake yalizidi ya kila mtu, na mashamba yetu yamepakana, mvua ni ile ile. Tulianzisha kikundi ili tuinuke pamoja. Kwenye kikao mwenyekiti akasema, "Kuna mtu anavuta mavuno ya wenzake." Hakutaja jina. Sote tukamtazama Rebeka, tukanyoosha mikono atoke.

Na mimi nilinyoosha, kaka. Lakini nilikuwa nimeshaipima kamba yake ya kupandia, siku aliyoisahau kwangu. Mafundo yake, yale ya kuonyesha pa kuchimba mashimo ya mbegu, yamekaribiana kuliko ya kamba ya kikundi, tofauti ni kiganja kimoja tu. Hakuna dawa pale. Sikusema.

Msimu huu nikafunga kamba yangu kama ile. Sasa mahindi yamenipita kichwa, na yamejaa shamba kuliko ya majirani. Jumapili, tulipotoka kanisani, mwenyekiti alipita shambani kwangu, akayatazama mahindi. Hakuuliza nimepandaje. Aliuliza huwa naamka saa ngapi, na kama naamka peke yangu, kana kwamba kuna wanaonilimia usiku. Tangu siku hiyo watu wananisalimia vizuri mno.

Mama usimwambie. Kamba yangu nimeshaichoma, wasije wakaifananisha na ya Rebeka, ila mahindi nitayaficha wapi?

Mdogo wako,
Bibiana