Unga wa Shemeji na Mguu wa Fundi Viatu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijachanganyikiwa. Mume wangu ni fundi viatu na ana kisukari, na kila kiatu kinachomwingia lazima akivae mwenyewe atembee nacho hadi mlangoni kabla ya kumpa mwenye kiatu, eti mguu wake ndio unaojua msumari uliochomoza, na wateja wanampendea hilo, sasa wiki iliyopita akavaa kiatu cha mwalimu mmoja, akaenda, akarudi, akasema, "Kiko safi kabisa," kumbe mimi naona damu sakafuni, msumari umemzama unyayoni na hana habari! Kidonda hakifungi, kimeanza kunuka, naye anavaa soksi mbili na kuniambia, "Mama watoto, usinitangaze."

Lakini kinachoninyima usingizi ni changu mimi. Mambo ya chumbani yalikuwa yamepoa, na shemeji yangu anayeuza virutubisho akaniambia mwenye kisukari amepungukiwa na gesi inayopanua mishipa, nitriki oksidi, kwamba unga wake unairudisha na vidonge vya hospitali vinaizuia. Dawa za mume wangu huwa nazifuata mimi kliniki, basi nikamwambia wamembadilishia, nikaficha vidonge, nikawa namkorogea unga kila asubuhi, naye anakunywa na kunishukuru. Nikimpeleka hospitali yatafichuka, na ndoa yangu sijui. Nifanyeje?

Mke wa Fundi

Mke wa Fundi,

Nimepiga namba uliyoacha mara kadhaa, hupokei. Haya, soma ukiwa unatafuta gari.

Shemeji yako amechukua ukweli kidogo akaupakia uongo. Gesi hiyo ipo kweli. Mishipa ya damu huitengeneza yenyewe ili ilegee na damu ipite. Sukari ikikaa juu muda mrefu, gesi hupungua, mishipa hukakamaa, damu haifiki vizuri miguuni, wala huko chumbani unakokulilia. Sukari hiyohiyo huua hisia za unyayo, ndiyo maana hakusikia msumari. Sasa niambie, mama, aliyeondoa vidonge vya kushusha sukari amemsaidia nani? Vidonge havikuwa adui wa gesi hiyo. Ulimwondolea mlinzi ukamwachia mwizi mlango.

Kumtamani mumeo si aibu hata chembe, na nakuonea huruma kwa upweke huo. Kumdanganya mgonjwa kuhusu dawa yake ni kosa kubwa, na hilo silipaki rangi.

Kidonda kinachonuka kwenye mguu wa mwenye kisukari ni cha kupelekwa hospitali leo hii, kikichelewa mguu hukatwa. Usikikande kwa maji ya moto, usimwache aukanyagie mguu huo. Beba vidonge ulivyoficha na kopo la unga, umweleze daktari aliacha dawa lini, bila kupunguza. Usimrudishie vidonge kwa kubahatisha, daktari ndiye atakayepanga. Na hayo ya chumbani yaulizeni hapohapo mkiwa wawili, yana matibabu. Viatu vya watu kuanzia sasa avipapase kwa mkono.

Mumeo mwambie kabla hamjatoka, kwa kinywa chako: "Nilikudanganya kuhusu dawa, kwa sababu nilikukosa." Atakasirika, na ana haki. Mwache akasirike mkiwa njiani. Mume mwenye hasira na miguu yake miwili mtapatana tu.